Jodari Hajali Kama Umepita Jandoni

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kuhusu jodari ni kwamba damu yake ni ya moto. Mimi nilikuwa nimechinja kuku, nimeshika miguu ya mbuzi Krismasi baada ya Krismasi, na samaki pekee niliyemjua alikuwa tilapia wa kukaangwa karibu na stendi ya Meru, baridi kama mkono wa mwalimu mkuu. Kwa hivyo jodari wangu wa kwanza alipotupwa ndani ya boti, na nahodha akamkanyaga, akampiga rungu la kichwa, kisha akamdunga kisu nyuma ya pezi, ile damu iliruka ikanipata shingoni nayo ilikuwa na joto kama chai. Nikapiga nduru. Samaki naye hakukubali kufa. Alipiga mkia kwenye sakafu ya boti tatatatata, kama cherehani ya fundi mwenye hasira, na damu yake ikapanda hewani ikatushukia sote kwenye nyuso. Nahodha akampiga tena. Sauti ya rungu kwenye fuvu la samaki mkubwa ni ile ile ya mti wa mwiko ukigonga sufuria tupu. Kisha jicho likatulia, na rangi zote za manjano na buluu zilizokuwa zikitembea mgongoni mwake zikazimika, mtu akiwa anaangalia.

Nikatapika githeri, mahindi na maharagwe ya jana yake. Nahodha akasema hata hiyo ni chambo.

Hiyo ilikuwa likizo ya Aprili. Tulienda watatu tukarudi watatu, na hata mara ya pili, ile ya Agosti ninayotaka kusimulia, tulirudi watatu vilevile, ingawa vidole vilipungua.

Majina sitataja. Mama yangu husoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama. Mmoja ni mimi, wa Kaaga, mahali ambapo ukirusha jiwe litaangukia shule, na likikosa shule litampata mwalimu. Mama ndiye Mwembu, wa Kibugu, kule ambako majani chai yamepakana na msitu, na kwao watu hucheka mpaka matangani. Mdomo wangu ni wa urithi, si wa kujitakia. Wa pili tunamwita Shehe, kwa sababu baba yake ni Mwislamu mwenye malori pale mjini Meru na kwa sababu yeye mwenyewe hulala msikitini, lakini kulala hasa, mpaka anakoroma. Nahodha ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, anavua mbele kidogo ya Malindi. Wa tatu ni Kipa.

Kipa ni wa Kianjai. Amelelewa na nyanya yake. Darasani anakaa nyuma, golini anakaa mbele, na viganja vyake ni vipana kama karai. Mpira ukiingia pale umefika nyumbani. Kocha wa timu moja ya mjini alikuwa amekuja kumtazama akiwa golini, akasimama nyuma ya nyavu, na alipoondoka akamwambia mwalimu wetu wa michezo kwamba atarudi muhula wa tatu kuzungumza mambo ya maana. Sisi wengine tulikuwa na vitabu. Kipa alikuwa na mikono. Kila mtu pale shuleni alijua hivyo, hata wapishi, ndiyo maana walimwongezea maharagwe.

Sasa, mimi na Kipa tulikaa nyumba moja ya jando ile Desemba tulipomaliza darasa la nane. Mambo ya nyumba ile hayasimuliwi, na mimi ninayesimulia kila kitu sitayasimulia. Nitasema moja tu, ambalo hata kuku wa Meru wanalijua. Siku ya kisu, ukitoa sauti, sauti hiyo itakufuata mpaka uoe, na baada ya kuoa watu watamwambia mkeo. Mimi nilikaza meno mpaka taya ikaniuma wiki nzima. Kipa hakukaza kitu. Alitazama mlima kama mtu anayengoja gari. Wazee wakanong'ona kwamba huyo ndiye muthaka, yaani mwanamume kijana aliyepita pale akaonekana amepita.

Shida ni kwamba Kipa aliendelea hivyo hivyo hata baada ya kupona.

Aling'olewa jino bila kusema kitu. Mwalimu wa michezo alimlilia kila siku: kipa lazima apige kelele, awapange mabeki, aseme toka, aseme yangu. Kipa alikuwa anatikisa kichwa, kisha anarudi golini na kunyamaza kama kaburi, mabeki wakigongana vichwa mbele yake. Halafu kulikuwa na ile siku ya ndume. Nyanya yake alimtuma apeleke fahali soko la Kianjai, na Kipa, kama wanavyofanya wote huko, akaizungusha kamba kwenye ngumi ili mnyama asimponyoke. Fahali alishtushwa na pikipiki. Alimburuta Kipa kwenye nyanya za mama mmoja, kwenye viatu vya mitumba, mpaka kwenye seng'enge ya posho mili, pale pa kusagia unga. Ngozi ya magoti ilibaki barabarani. Mkono haukuachia, mdomo haukufunguka. Wanaume wakapiga makofi. Mimi nilikuwepo na nikapiga pia, ingawa nilikuwa nimeshikilia nyanya mbili ambazo hazikuwa zangu.

Hiyo ndiyo shule tuliyobeba kwenda baharini.

Agosti tulishuka na lori la viazi la baba yake Shehe. Tulipofika kwa mjomba, bahari ilikuwa imechafuka siku nyingi, na boti zilikuwa zimelala mchangani zimefunikwa. Mjomba ni mtu mdogo mwenye sauti kubwa. Akatuambia tumekuja wakati mbaya. Shehe akamwomba. Mimi nikamwomba kwa maneno mengi zaidi. Kipa aliamka asubuhi, akaenda akaketi ndani ya boti pale pale mchangani, akangoja. Mjomba akamtazama muda mrefu, akamtazama na baharia wake, jamaa mrefu asiye na meno ya mbele, kisha akasema upepo umepungua kidogo, tutatoka tusiende mbali.

Kabla ya kusukuma boti alitugawia vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, tuvae vidoleni kama pete. Akatuonyesha mshipi wa kurambaza, ule wa kuburutwa nyuma ya boti, nailoni nene kama waya wa gitaa, na mwishoni ndoano yenye manyoya ya plastiki.

"Mshipi hushikwa, haufungwi," akasema. "Jodari akitaka kwenda, mwache aende. Atachoka, atarudi. Nyinyi watu wa mlimani nawajua, mnapenda kushindana na kila kitu."

Mimi nikamjibu kwamba sisi hatushindani na kila kitu, hisabati tumeiachia wenyewe. Akacheka. Kipa hakucheka. Alikuwa anautazama mshipi.

Kutoka mle ndani ya miamba kwenda nje kuna mlango mmoja, mahali ambapo mwamba umekatika na mawimbi yanapigana na maji ya kutoka. Sijawahi kupigwa na kitu kama kile. Boti ilisimama wima, nikaona mbingu, kisha ikaanguka, nikasikia meno yangu yakigongana ndani ya kichwa. Ilisimama tena. Wimbi la tatu halikutupa nafasi ya kusimama, lilikuja kama mlango wa bweni ukipigwa teke na mwalimu wa zamu, likapita juu ya baharia, juu ya Shehe, likanikalisha kwenye ndoano za akiba. Hiyo ndiyo damu ya kwanza ya siku ile, na ilitoka mahali ambapo sitamwonyesha mtu. Shehe alikuwa akisoma dua zote alizozikosa tangu darasa la tatu. Mjomba alikuwa anatukana injini kwa upendo.

Huko nje mawimbi yalikuwa marefu kuliko nyumba yetu, lakini yamepangana, na boti ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayevuka mabonde ya Tigania. Nilitapika mpaka nikatapika mambo ya muhula uliopita. Halafu tukaona ndege. Walikuwa wanadondoka majini kama mawe, na chini yao maji yalikuwa yanachemka, samaki wadogo wakiruka nje kwa wazimu na wakubwa wakiwafuata kwa midomo wazi. Mjomba akaipitisha boti pembeni mwa vita vile, mishipi ikiwa nyuma, na wa Shehe ukashikwa.

Wakamvuta huyo. Rungu, kisu, damu. Wa baharia ukashikwa. Rungu, kisu, damu. Sakafu ikawa telezi, maji ya chumvi yamechanganyika na damu mpaka vifundoni, samaki wawili wakipiga mikia kwenye miguu yetu, mmoja ameshapasuliwa kichwa na bado anapiga. Papa akatokea akakata nusu ya samaki wa tatu kabla hatujamfikisha. Tulivuta kichwa peke yake, na kichwa kilikuwa bado kinafungua mdomo na kufunga. Nikasema huyo anafanana na naibu wa mwalimu mkuu akisoma matangazo. Hata Kipa akatabasamu. Nakumbuka, kwa sababu ndipo alipochukua mshipi uliobaki.

Zile pete za mpira zilikuwa zimelowa damu, zinateleza. Nilimwona akizivua kwa meno na kuzitema. Nilimwona pia akiuzungusha mshipi kwenye mkono wa kulia, mara moja, mara mbili, polepole, kwa ile namna ya Kianjai ya kushika kamba ya fahali. Hakukusudia ubishi. Ndivyo mkono wake ulivyojua kushika kitu kinachotaka kutoroka. Mjomba alikuwa amegeuka, macho yakiwa kwenye mawimbi ya nyuma, mkono kwenye usukani wa injini. Baharia alikuwa mbele anachota maji kwa ndoo na kuyarudisha kwao.

Jodari alipoushika hakukuwa na mtetemo wala kuvutwa kidogo kwanza, kama unavyoona watu wakisimulia. Mkono wa Kipa ulinyooka tu. Ulinyooka ukatoka nje ya boti, bega likagonga ubao wa pembeni kwa kishindo, na yeye akafuata mpaka kifua. Samaki alikuwa anakwenda chini, chini kabisa, na alikuwa anakwenda na Kipa.

Na Kipa alinyamaza.

Injini ilikuwa inaunguruma, ndege wanapiga kelele, mawimbi yanapiga boti, na katikati ya hayo yote rafiki yangu alikuwa anakatwa mkono kimya kimya, kama mtu anayejaza fomu. Mjomba hakugeuka. Angegeukia nini? Shehe alikuwa anamfunga samaki mkia. Mimi peke yangu nilikuwa nikimtazama, na kwa muda nilidhani ameinama kutapika, nikafurahi kwamba hatimaye na yeye. Nikamuuliza kama ameona tilapia. Akageuza uso. Macho yalikuwa makubwa, na alikuwa ananitazama kama alivyoutazama mlima ile Desemba. Kiwiko chake kilikuwa kimeshazama majini. Kisha nikaona maji yaliyouzunguka mkono wake yana rangi.

Nduru niliyopiga siku hiyo sijui niliitoa wapi. Haikuwa ya kiume. Ilikuwa ile ya mwanamke aliyekuta nyumba inaungua, ndefu, nyembamba, isiyo na maneno ndani yake. Shehe anasema ndege waliondoka. Anapenda kuongeza chumvi, lakini mjomba aligeuka, na hilo ndilo nililotaka.

Akaikata gia. Boti bila kusukumwa iligeuka ubavu, na wimbi ambalo tungelipanda likaja likatupiga la ubavuni kwa nguvu zake zote. Tulijaa maji mpaka magotini. Samaki tuliowaua wakaelea ndani ya boti wakitugonga, ndoo ikaenda, rungu likaenda, mimi nikajikuta nimekumbatia kichwa cha jodari. Shehe alijitupa juu ya miguu ya Kipa akaishikilia kwa mikono na meno, hasa meno, alama zipo. Baharia akaruka na kisu, akalala juu ya mgongo wa Kipa, akaingiza mkono na kichwa chake majini. Wimbi la pili likawafunika wote wawili. Sikuwaona. Niliona miguu minne na Shehe juu yake. Kisha baharia akatoka akitema maji kwenye lile pengo la meno, akasema umekatika, na Kipa akarudi ndani kama gunia lililokatiwa kamba.

Mshipi ulikuwa bado kwenye mkono. Ulikuwa umeingia kwenye kidole cha kati na cha pete mpaka hauonekani, kama seng'enge iliyomezwa na mti wa zamani. Nyama ilikuwa imeufunika pande zote, nyeusi huku, nyeupe huku, na ule weupe haukuwa nyama. Mjomba akaiweka boti sawa, akamwachia baharia usukani. Akaja akapiga magoti kwenye maji yale mekundu, akautazama ule mkono. Halafu akamzaba Kipa kofi la uso.

"Mdomo umepewa wa nini?" akamuuliza. "Kwa nini hukuita?"

Kipa akafikiri.

"Sikutaka kusumbua," akasema.

Mjomba akamtazama kama aliyesemeshwa Kimeru. Akavua shati lake akaufunga ule mkono, akaniita mimi niushike juu, juu ya kichwa cha Kipa, nisiushushe hata boti ikipinduka. "Na wewe mwenye maneno mengi," akaniambia, "mtie maneno. Huyu akilala, hatutamwamsha."

Nimewahi kupewa kazi nyingi nisizoziweza. Hiyo niliiweza. Nilimkumbusha Kipa kila bao alilofungwa tangu kidato cha kwanza, hasa lile lililopita katikati ya miguu. Nilimwambia fahali wa nyanya yake ana akili kuliko yeye, maana fahali angalau alilia. Nilimwambia kuhusu yule msichana wa kwaya ambaye yeye humtazama kanisani na hajawahi kumsalimu, kwamba nitamwoa mimi na Kipa atakuwa wa kugawa soda. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Damu ilikuwa inapita kwenye shati, inanishukia kwenye kwapa, ya moto vilevile kama ya jodari, na mimi naendelea kusema. Tulipoukaribia mlango wa mwamba akafungua macho.

"Tukifika nchi kavu nitakupiga," akasema.

"Na mkono gani?"

Ilinitoka. Hivyo ndivyo mdomo wangu ulivyo, hautaki ruhusa. Shehe akanitazama kana kwamba atanitupa kwa yule papa. Lakini Kipa alipuliza hewa puani, nikaona tumbo lake linatikisika. Alikuwa anacheka, mjinga yule.

Mlango ulitupiga kuliko asubuhi. Injini iliruka nje ya maji ikalia kama nguruwe, boti ikateremka wimbi kwa pua, na pale chini tukagonga kwa namna ambayo nilimwangukia Kipa na ule mkono ukagonga chuma cha pembeni. Niliusikia. Yeye akakamata kola ya fulana yangu kwa meno akaing'ata mpaka ikachanika. Sauti haikutoka. Nilikuwa nimeweka sikio langu pale pale mdomoni mwake, nikingoja itoke, na haikutoka.

Hospitalini walimpeleka ndani. Sisi tukabaki kwenye benchi tukinuka mpaka watu wakahama. Daktari aliyetoka alikuwa kijana, na alizungumza na mjomba kama mtu mzima kwa mtu mzima, akieleza kwamba vidole viwili vimeondolewa, mkono umebaki. Akasema mshipi ulikaa ukikaza kwa muda. Kama angefunguliwa mapema kidogo, labda kimoja kingepona, labda vyote. Mjomba akauliza mapema kiasi gani. Daktari akasema kidogo tu.

Mjomba akaenda akasimama ukutani, akatugeuzia mgongo. "Kelele moja," akauambia ukuta. "Kelele moja tu."

Kianjai walitupokea kwa mbuzi. Sitanii. Habari zilikuwa zimetangulia, na baba mdogo wa Kipa alikuwa ameshazunguka soko zima akisimulia jinsi kijana wao alivyokatwa vidole viwili na samaki mkubwa kama ndama bila kutoa hata sauti. Wanaume walikuja kumshika Kipa mkono, ule wa kushoto, wakisema huyu, huyu kweli. Mmoja akanigeukia akauliza kama ni mimi niliyepiga nduru. Nikasema ni mimi, na nikaongeza supu. Kipa aliketi kwenye kiti cha wageni, kitambaa cheupe mapajani, akitazama mlima. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiuchukia.

Nyanya yake hakula. Alingoja mpaka watu wamepungua, akaja na kiti chake kidogo, akaufungua mkono, akautazama pande zote mbili, pale palipoliwa na mshipi, penye nyuzi za daktari. Akamuuliza mjukuu wake kama iliuma. Kipa akasema haikuuma sana.

Nyanya akanyanyuka, akachukua mwiko, akanichapa mimi.

Nilipouliza kosa langu akanijibu kwa Kimeru, na kwa Kiswahili ni hivi: yule hawezi kulia, na lazima mtu alie katika nyumba hii. Akanichapa tena. Nikalia kidogo, kwa heshima.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, glavu za Kipa alikuwa amepewa kijana wa kidato cha pili, mfupi, mwenye sauti kama king'ora. Mwalimu wa michezo aliliambia darasa habari hiyo akitazama dirisha. Kocha wa mjini alikuja kama alivyoahidi, akaona kitambaa mkononi, akampa Kipa pole, akaondoka bila kukaa. Kipa alikula maharagwe yake ya kawaida, yasiyoongezwa, akarudisha sahani.

Lakini Jumamosi moja, wakati wengine wameenda kufua, alinijia bwenini na glavu za zamani. Nyanya yake alikuwa amekata vidole viwili vya glavu ya kulia akayashona matundu kwa uzi wa gunia, mshono wa nyuzi zilizolala kimshazari, imara kama wa mfuko wa miraa. Akaniambia tuende uwanjani. Shehe akaja akakaa nyuma ya goli kuokota mipira na kuomba dua.

Niliweka mpira kwenye nukta. Wa kwanza nikaupiga polepole, kama unavyompigia mtoto. Akaudaka, akanirudishia, akasema nipige kama mtu. Wa pili nikaongeza kidogo. Akautema pembeni, akanitazama vibaya. Basi nikarudi nyuma, nikakimbia, nikaupiga kwa kila kitu nilichokuwa nacho, pamoja na ile siku yote, na mpira ukaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia, pale pale kwenye mshono.

Alipiga kelele.

Sijui nikuelezeje. Ilitoka kama maji ya bwawa lililozibwa miaka. Kunguru waliruka kutoka kwenye mikaratusi. Wapishi walitoka jikoni na miko yao, mlinzi akakimbia na rungu, na huko kwenye mabomba ya kufulia watu walisimama na nguo zikitona maji mikononi mwao. Ilikwenda, ikapungua, akavuta pumzi, ikaanza tena. Alikuwa amepiga magoti golini, uso umelowa, kifua kinapanda na kushuka. Shehe akaacha dua.

Mpira ulikuwa chini ya tumbo lake. Haukuvuka mstari.

"Inauma," akasema, kwa sauti ambayo iliwafikia hata wapishi. "Iliuma siku ile. Iliuma na ile Desemba. Nani aliwaambia haiumi?"

Mimi nilikuwa na utani wa namna tatu tayari mdomoni, na wote ukakataa kutoka.

Akasimama, akajifuta pua kwa glavu ya kushoto, akanitupia mpira.

"Piga ingine," akasema.

Nikaweka mpira chini. Nilipoanza kurudi nyuma alikuwa ameshaanza kunitukana, kwa Kiswahili, kwa Kimeru, na kwa maneno ya mjomba ya kutukania injini, akimpanga hata Shehe aliyekuwa nyuma ya goli, ambaye hakuwa beki na hakuwa akicheza.